Kijana Akishapungua Uzito, Nani Hubaki Naye?

Mzazi ampelekaye mwanawe kutibiwa unene uliokithiri aghalabu huiingia kadhia hiyo na dhana aliyoizoea katika maradhi mengine, ya kuwa mgonjwa hupewa dawa, hunywa dawa, hupona, na mambo yakaisha. Kwa hiyo miezi sita au mwaka ukipita, kilo zikapungua, sare ya shule ikalegea kiunoni, na pumzi zilizokuwa zikimpaa kijana kila apandapo ngazi zikatulia, nyumba nzima humshukuru Mungu, kadi ya kliniki ikawekwa kabatini, na maisha yakarudi katika mkondo wake wa zamani. Mkondo huo wa zamani ndio uliomnenepesha. Haupiti muda mrefu kilo zikaanza kurejea moja moja, pengine na ziada juu yake, na kijana aliyesifiwa jana kwa azma yake leo akalaumiwa kwa ulafi.

Lawama hiyo si ya haki, na fauka ya hayo haisaidii kitu. Kumpunguza kijana uzito ni kazi ya muda, ambayo yeye na tabibu wake wanaweza kuisimamia. Bali kuulinda uzito uliopungua ni kazi ya miaka, na kazi ya miaka haiwezi kubebwa na mtoto wa miaka 15 peke yake, illa ibebwe pamoja naye na nyumba anamokula, shule anakosoma, na kliniki isiyochoka kumpokea.

Wala jambo hili si la watu wachache. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 19 waliokuwa na uzito uliozidi walipita milioni 390 ulimwenguni, na kati yao milioni 160 walikuwa na unene uliokithiri. Ilhali mwaka 1990 wenye unene huo walikuwa milioni 31 tu. Katika miji yetu ya pwani, ambako mtoto aliyedumaa kwa lishe duni na mtoto asiyeweza kufunga kishikizo cha shati huweza kuwa majirani wa kibaraza kimoja, tarakimu hizo hazihitaji mfasiri.

Mwili hudai ulichopoteza

Mwili wa binadamu umeumbwa kuvumilia njaa zinazokuja na kuondoka, na kwa sababu hiyo mafuta yaliyo chini ya ngozi hauyahesabu kuwa takataka ya kutupwa, bali akiba iliyowekwa kwa siku ya dhiki. Akiba ikipungua, iwe kwa ukame au kwa amri ya tabibu, mwili hautambui tofauti: hushika hadhari, hupunguza matumizi, na hudai ulipwe. Madai hayo yana wajumbe wanaojulikana. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitangaza kuivumbua asili ya homoni iitwayo leptini, itokayo katika mafuta yenyewe kuuarifu ubongo kwamba akiba ingalipo. Na mwaka 1999 wataalamu wa Kijapani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa na wenzao, wakaitangaza ghrelini, itokayo tumboni kuuarifu ubongo kwamba wakati wa kula umefika. Mtu akipungua, leptini hushuka na ghrelini hupanda, yaani habari ya shibe hudhoofika wakati ule ule habari ya njaa inapopata nguvu.

Lililowastaajabisha waganga ni urefu wa muda wa hali hiyo. Katika utafiti wa Melbourne, Australia, uliochapishwa mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine, watu wazima 50 walianza mlo mkali wa wiki 10, na waliodumu wakapungua wastani wa kilo 13 na nusu. Walipopimwa tena mwaka mmoja baada ya mlo huo, homoni zao za njaa na shibe zilikuwa bado hazijarejea mahali pake, na wenyewe wakakiri kwamba hamu yao ya chakula ilikuwa kubwa kuliko kabla ya kuanza. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani wakaeleza habari za watu 14 waliopunguza makumi ya kilo katika mashindano ya televisheni: miaka sita baadaye wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito, na juu ya hivyo miili yao ilikuwa ikiunguza kadiri ya kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa maumbile yao.

Hao wote walikuwa watu wazima. Kijana ana madai ya ziada, kwa kuwa yumo katika kukua, na mifupa na misuli yake nayo ina haki yake katika kila sahani. Basi mtu anayemwambia, “Jizuie tu, mbona ulipokuwa kliniki uliweza?” anampa nasaha bila ya kumpa msaada, na asipojihadhari humwachia kijana imani ya kuwa udhaifu wa maumbile ni aibu ya nafsi yake.

Sindano mpya, swali lile lile

Wako wanaotumaini kwamba dawa za siku hizi zitaimaliza kadhia yote. Nguvu za dawa hizo si za kukanushwa. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2022, vijana 201 wa umri wa miaka 12 hadi 17 walifuatiliwa kwa wiki 68, wote wakipewa nasaha za chakula na mazoezi; waliochomwa sindano ya semaglutidi mara moja kwa wiki, uwiano wao wa uzito na urefu ulishuka kwa wastani wa asilimia 16.1, ilhali waliochomwa sindano isiyo na dawa walipanda kidogo, kwa asilimia 0.6. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho, katika mwongozo wake wa Januari 2023, kiliruhusu dawa za namna hiyo zifikiriwe kuanzia umri wa miaka 12, na upasuaji wa tumbo kuanzia miaka 13 kwa wale ambao unene wao umefikia daraja ya hatari.

Walakini dawa husaidia maadamu ingali ikitumiwa. Liraglutidi, dawa ya jamii hiyo hiyo ambayo matokeo yake kwa vijana yalichapishwa mwaka 2020, ilipositishwa, uzito wa waliokuwa wakiitumia ulipanda kuliko wa wenzao ambao hawakuitumia; na watu wazima walioacha semaglutidi walirudisha takriban theluthi mbili ya walichopunguza katika muda wa mwaka mmoja. Bei ya sindano hizi ni nzito kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki, na hata mwenye uwezo wa kuzinunua hulazimika kujiuliza kijana wake atachomwa hadi lini. Dawa, kwa hiyo, haikuliondoa swali la nani atamlinda kijana. Imelisogeza mbele tu, na nyumba inayongoja hadi siku ya mwisho ya sindano ndipo ianze kubadili jiko lake imechelewa.

Sinia na sahani ya pekee

Ushahidi wenye umri mrefu katika jambo hili waelekea nyumbani. Mwaka 1990 Leonard Epstein na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, walichapisha habari za watoto waliotibiwa unene walipokuwa na umri wa miaka 6 hadi 12, wakafuatiliwa kwa muda wa miaka 10. Katika kundi ambalo mtoto na mzazi walituzwa wote wawili kwa kubadili tabia na kupunguza uzito, kiwango cha uzito uliozidi cha watoto hao kilikuwa kimeshuka kwa asilimia 7.5, na katika kundi ambalo familia zilituzwa kwa kuhudhuria tu, kilikuwa kimepanda kwa asilimia 14.3. Chanzo cha tofauti hiyo hakikuwa chakula cha ajabu wala ukali wa walimu, bali ni kwamba katika kundi la kwanza mzazi hakuwa msimamizi wa mwanawe; alikuwa mwenzake.

Tuitazame nyumba moja ya kawaida ya mwambao saa moja na nusu ya usiku. Sinia la wali wa nazi limewekwa mkekani, samaki wa kupaka yumo bakulini, pilipili ya kukaanga iko kando, na msichana wa miaka 16 aliyepungua kilo 12 ameletewa sahani yake ya pekee, yenye tango, nyanya na mnofu wa samaki uliokwanguliwa rojo. Mdogo wake anamega tonge, yeye anatazama. Shangazi, kwa mazoea, anamwita asogee kwenye sinia, kisha anakumbuka, ananyamaza. Hakuna aliyemdhulumu msichana huyo, na mama aliyemwandalia alikusudia kheri. Ila kwa watu ambao kula pamoja ndiyo alama ya kuwa pamoja, sahani ile humwambia kwamba yeye ni mgonjwa na wengine ni wazima, na hakuna kijana atakayekubali kuambiwa hivyo kila usiku kwa miaka mitano.

Linalodumu ni kulibadili sinia lenyewe. Wali ukipungua robo na mchicha au kisamvu kikaongezeka, tui likawa jepesi, samaki akachomwa siku nne na akapakwa siku moja, kachumbari ikaanza kuliwa kabla ya wali wala isingoje mwisho, na jagi la maji likakaa pale ilipokuwa ikikaa chupa ya soda, basi msichana anaweza kurudi mkekani na kumega kama wenzake. Atakayefaidika si yeye peke yake, kwa kuwa nyumba hizi aghalabu zina bibi mwenye kisukari na baba mwenye shinikizo la damu, ambao nao waliambiwa mambo yayo hayo na daktari wao wakayasikia kwa sikio moja. Katika yote hayo, lililo jepesi kuanza nalo ni vinywaji: chupa moja ya soda ya mililita 300 hubeba kadiri ya gramu 30 za sukari, yaani vijiko vidogo saba au vinane, nayo hupita kooni bila ya kumshibisha mtu.

Mtihani wenyewe huja kwa misimu. Mwezi wa Ramadhani, nyumba iliyokuwa ikienda kwa taratibu nzuri hujikuta na futari ya muhogo na ndizi za nazi, sambusa, vibibi, na kaimati zilizoloweshwa katika shira, vyote kwa mpigo mmoja, kisha chakula kikuu baada ya tarawehe, kisha daku, na usingizi ukawa vipande vipande. Saumu haina dhambi katika hilo. Mpangilio wa meza ndio wenye dhambi. Tende na maji, supu, kitu kimoja cha wanga badala ya vitatu, na kaimati kwa siku za wageni tu, ni makubaliano ambayo nyumba inaweza kuyafanya Shaabani, kabla ya mwezi kuandama, pasi na kumtaja kijana kuwa ndiye sababu.

Ulimi wa watu

Kijana wetu ana mtihani mwingine ambao vitabu vya waganga wa ng'ambo huutaja kwa upande mmoja tu. Alipokuwa mnene aliitwa bonge na tipwatipwa, akachekwa uwanjani; alipopungua, watu wale wale hukutana na mama yake sokoni wakamwuliza kwa huruma, “Mtoto umemfanya nini? Mbona amekwisha?” Katika nchi ambazo kunenepa kwahesabiwa kunawiri, na ambazo kwa miaka mingi kukonda ghafla kulihusishwa na UKIMWI, neno hilo lina uzito usiopimika kwa mizani. Mama hurudi nyumbani na fedheha, na jioni ile humwongezea mtoto chapati mbili, ili majirani wasiseme.

Denise Wilfley na wenzake nchini Marekani walilitazama kwa makini suala la watu wanaomzunguka mtoto. Katika utafiti wao wa mwaka 2007, watoto 150 wa umri wa miaka 7 hadi 12 walitibiwa pamoja na wazazi wao kwa miezi mitano, kisha baadhi yao wakaachwa waendelee wenyewe na wengine wakapewa miezi minne zaidi ya mafunzo ya kuulinda uzito. Walioongezewa walifanya vizuri kuliko walioachwa, ingawa faida hiyo ilififia kadiri muda ulivyopita. Na katika namna mbili za mafunzo, mojawapo ilikuwa ni kumsaidia mtoto kupata marafiki wa kutembea na kucheza nao, na kumfunza namna ya kujibu kejeli. Mambo mawili yapatikana humo: kwamba mafunzo ya kulinda yana faida yake mbali na yale ya kupunguza, na kwamba nayo yakikatwa mapema faida yake hupungua.

Jibu la majirani ni wajibu wa mzazi. Neno fupi, “Alikuwa akitibiwa, sasa ana siha njema, alhamdulillahi,” lililosemwa kwa sauti kavu mbele ya kijana mwenyewe, hufunga mlango wa uvumi na papo hapo humpa yeye maneno ya kutumia siku atakapokuwa peke yake.

Bwenini, mizani na usingizi

Vijana wetu wengi hutumia sehemu kubwa ya mwaka katika shule za bweni, ambako mzazi hana jiko. Ugali na maharage ya shule si adui wa mtu. Adui yumo katika maandazi na soda za duka la shule, katika vipindi virefu vya kukaa vilivyomeza saa ya michezo, na katika siku ya kutembelewa, ambapo kila mzazi hufika na kuku wa kukaanga, chipsi na keki, kana kwamba mapenzi hupimwa kwa mafuta. Kumwona mwalimu wa zamu mwanzoni mwa muhula, kumwomba kijana asiondolewe katika michezo, na siku ya kutembelewa kufika na matunda, samaki wa kuchoma na saa mbili za mazungumzo, ni mambo yasiyogharimu zaidi ya yale ya zamani.

Shirika la Afya Duniani lataka mtoto na kijana wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za mwendo wa kutoka jasho. Si lazima ziwe za uwanja wa kulipia. Mpira wa mchangani, kuruka kamba, kwenda shule kwa miguu na kuteka maji zote zina hesabu yake. Usingizi nao si anasa: kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10, na anayekesha na simu hadi saa saba ya usiku huamka na njaa isiyokuwa ya haki. Daftari mashuhuri la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1994 na Rena Wing na James Hill kuwaandikisha watu wazima waliopungua angalau kilo 13.6 wakadumu hivyo kwa mwaka au zaidi, laonyesha kwamba asilimia 90 ya waliomo hufanya mazoezi ya kadiri ya saa moja kwa siku, na asilimia 75 hujipima walau mara moja kwa wiki.

Mizani, hata hivyo, kwa kijana yataka adabu. Apimwe siku moja ya wiki, faraghani, tarakimu iandikwe pasi na kutangazwa sebuleni. Na urefu wake upimwe pia, kwa kuwa anayekua aweza kubaki na kilo zile zile kwa mwaka mzima huku kimo kikiongezeka, na hiyo kwake ni ushindi japo mshale haukusogea. Akianza kuruka milo, kujipima mara tatu kwa siku, kujifungia msalani baada ya kula au kuficha chakula, mizani iondolewe na tabibu aarifiwe hima, maana maradhi ya kujinyima na kujitapisha huingia kwa mlango huo huo wa kuogopa kunenepa.

Kliniki isimwache njiani

Hapa pana deni la waganga wenyewe. Mwongozo ule wa Januari 2023 wasema kwamba tiba ya tabia yenye manufaa yahitaji angalau saa 26 za kuonana ana kwa ana na familia katika miezi mitatu hadi 12, kiasi ambacho kliniki zetu zenye foleni ndefu haziwezi kukifikia kwa daktari peke yake. Ila muuguzi aliyefunzwa, mtaalamu wa lishe, na mikutano ya familia kumi kwa pamoja siku ya Jumamosi vyaweza kuikaribia. Kabla ya kumaliza tiba, tabibu aiambie familia waziwazi ni kiasi gani cha kupanda ndicho kiwarudishe kwake, na awape tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, iwe uzito umeshuka au umepanda. Kwani kijana anayerudi kliniki pale tu alipoharibikiwa hujifunza kwamba kliniki ni mahali pa aibu, na kilo mbili zikirudi atajificha hadi ziwe kumi na mbili.

Siku mizani inaposhuka, basi, pongezi apewe kijana kwa kuwa amezistahiki, na jioni ile ile, kabla kadi haijaingia kabatini, watu wazima wakae wakubaliane mambo matatu: nani atakwenda naye kliniki mwezi ujao, nini kitapikwa wiki hii kwa watu wote, na nani atamjibu shangazi atakapouliza mbona mtoto amekwisha.